Fomu ya leba ya WHO: imeizidi patografu, ila simu haina pa kuandikwa

Fomu hii ya ukurasa mmoja, iliyotolewa na WHO, Shirika la Afya Duniani, Desemba 2020 ishike nafasi ya patografu (chati ya zamani ya kufuatilia uchungu wa kujifungua), si nyepesi kujaza. Lakini kazi yake hasa ni kuwafanya mkunga, daktari na wa zamu inayofuata waelewane mapema, na hapo imeiacha patografu mbali.

Patografu ilichora mstari wa tahadhari na wa kuchukua hatua, ikitarajia njia (mlango wa kizazi) ifunguke sentimita 1 kwa saa kuanzia sentimita 4. Mistari hiyo haipo tena. Unaanza kujaza sentimita 5, na kila sentimita ina kikomo chake: mama akikaa kwenye 5 kwa saa 6, tahadhari, kwenye 6 ni saa 5, kwenye 7 saa 3, kwenye 8 saa 2 na nusu, kwenye 9 saa 2. Mapigo ya mtoto yakishuka chini ya 110 au yakifika 160, presha ya mama, ya juu ikifika 140 au ya chini 90, unazungushia duara. Chini kabisa unaandika tathmini, mpango na herufi za jina lako. Duara lisilo na mpango chini yake linasema jambo moja tu: uliona, ukanyamaza.

Mtego uko kwenye muda. Njia hupimwa kila saa 4, ilhali kuanzia sentimita 7 vikomo vyote ni vifupi kuliko hapo. Hata 6 ina shida: mama aliyepimwa 10:00, akakutwa palepale 14:00, kikomo chake ni 15:00, si 18:00 ya kipimo kijacho. Kwa hiyo kwenye mpango usiandike "endelea kuangalia". Andika saa ya kupima tena. Na iwe saa ya fomu: "saa nne" ya mdomoni ikiingia kama 4:00, imeshapotea saa 6.

Upungufu mkubwa ni simu. Hakuna kisanduku cha nani aliitwa, saa ngapi, akajibu nini, na mabishano mengi baada ya mtoto kuzaliwa amechoka huanzia hapo. Tumia nafasi ya mpango: "14:05 dkt. zamu kapigiwa, mimba ya kwanza, sm 6 tangu 10:00, mapigo 165, kaombwa aje, kajibu yuko upasuaji, 14:10 kapigiwa wa pili." Mwombe aliyepokea arudie ulichosema kabla hajakata.

Fomu haiwezi kuzuia kujazwa baada ya mama kujifungua. Mapigo 140, 140, 140, kwa kalamu moja na mwandiko uleule, hayamdanganyi mkaguzi. Uliyechelewa kuandika, weka saa ya kuandika pembeni ya saa ya tukio, wala usifute. Karatasi moja inatosha saa 12 za hatua ya kwanza ya leba; zikizidi, chukua ya pili na uiambatishe hapohapo.