Breki pedi na diski za Hilux Vigo: zipi zinastahili pesa yako

Hilux Vigo ya 4x4 ina diski mbele na dramu nyuma, na kazi kubwa ya kusimamisha gari inafanywa na mbele. Pedi zikifikia milimita 3, badilisha. Ukisubiri bati la chuma lililo mgongoni mwa pedi likwaruze, utanunua na diski.

Namba moja kwetu ni pedi za nusu chuma, ziwe za Toyota wenyewe au za kampuni yenye jina. Ukishuka mteremko wa Kitonga na magunia ya mahindi nyuma, pedi inachemka kweli, na hizi huvumilia joto. Zinatoa vumbi jeusi na zinalia kidogo asubuhi, zoea. Dukani usiseme "za Vigo" ukaishia hapo, toa namba ya chasisi. Namba ya Toyota ya seti ya pedi za mbele huanzia 04465, ya shuu za nyuma (za ndani ya dramu) 04495, ya diski za mbele 43512. Kisha tafuta herufi mbili kwenye pedi yenyewe: ya kwanza ni mshiko ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. FF inatosha mizigo. EE iache. Herufi nazo hughushiwa, kwa hiyo boksi zuri peke yake si ushahidi.

Namba mbili ni seramiki: kimya, rimu safi, bei juu. Ni za pikapu ya mjini isiyobeba kitu.

Pedi za bei ya kutupa zisizo na namba ni za tatu kwa jina tu. Zikipata moto uso unang'aa kama kioo, unakanyaga kwa nguvu na gari halisimami. Nyingine lining, yaani sehemu inayosugua diski, inabanduka kwenye bati. Kubandika lining mpya kwenye bati la zamani, kwa pedi za mbele, hatukushauri kabisa.

Diski usinunue kabla ya kupima. Unene wa chini umeandikwa kwenye diski yenyewe, "MIN TH". Pima kwa maikromita sehemu kadhaa. Ikiwa nene bado na haina nyufa, kuichonga kwa mashine uso uwe laini kunatosha, mradi baada ya kuchonga isishuke chini ya kipimo hicho. Ikishuka, nunua mbili mpya, kulia na kushoto. Za mtumba mara nyingi zimeshakaribia mwisho. Kwenye Hilux za zamani zenye ekseli nzima mbele, diski imefungwa kwa bolti nyuma ya habu (kitovu cha gurudumu chenye beringi), lazima habu itoke, hivyo weka bajeti ya sili na grisi ya beringi.

Fundi wengi huruka kusugua kutu ya habu kwa brashi ya waya. Diski ikikaa upande hata kidogo, baada ya muda usukani unatetemeka ukikanyaga breki, na lawama inaenda kwa muuza spea. Osha pia mafuta ya kiwandani yaliyo kwenye diski mpya.

Kalipa ya mbele ya Vigo hii ya 4x4, yaani kibanio kinachokandamiza pedi kwenye diski, ina pistoni nne. Kabla ya kuzirudisha ndani ili pedi mpya ziingie, punguza mafuta ya breki kwenye kopo, yasifurike yakaharibu rangi. Pistoni iliyogoma inahitaji sili mpya, la sivyo pedi moja itaisha peke yake. Grisi ya joto ipake pini na mgongo wa pedi, uso usiguswe.

Kanyaga pedali mpaka iwe ngumu ndipo uondoe gari. Halafu, ili pedi mpya zizoeane na diski, punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa, mara kama kumi, bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe.