Vidonge vya omega-3: elfu moja mbele ya chupa, mia tatu nyuma

Chupa ya vidonge 120 nimeimaliza juzi, kidonge kimoja kila siku, ukiacha siku mbili za homa. Kwa hiyo haya si maneno ya mtu aliyefungua kifuniko jana akaanza kusifu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashinda nimekaa, mguu mmoja kwenye pedeli, na umri wenyewe umeshavuka hamsini. Nilipopima damu, trigliseridi, yaani mafuta yanayozunguka kwenye damu, zilisoma milimoli 3.1 kwa lita, wakati kwa mtu aliyefunga kula inatakiwa iwe chini ya 1.7. Daktari akaniambia nipunguze sukari, niachane na vinywaji vitamu, nitembee, nirudi baada ya miezi minne. Omega-3 hakuitaja kabisa. Hiyo niliiongeza mwenyewe, maana kutembea hakuuzwi kwenye chupa.

Nilichonunua ni mafuta ya samaki, vidonge laini vya rangi ya asali, vikubwa kiasi kwamba kimoja kinataka glasi nzima ya maji. Mbele ya chupa kuna moyo wa dhahabu na namba nene: 1000 mg. Nikajua nimepata gramu nzima ya omega-3 kwa siku.

Binti yangu anasomea ufamasia. Alikuja kunisalimia, akaiona mezani.

"Baba, hebu igeuze."

Nikaigeuza. Maandishi ya nyuma ni madogo mno, nikaazima miwani ninayotungia uzi. Mafuta ya samaki, miligramu 1000. EPA, 180. DHA, 120. Basi.

"Hizo mbili za chini ndizo omega-3 zenyewe unazozitafuta," akasema. "Zijumlishe."

Mia tatu. Miligramu 700 zilizobaki ni mafuta mengine ya samaki huyo huyo. Si sumu, lakini si yaliyonipeleka dukani. Ni kama mteja aniletee jora lililoandikwa mita kumi, nilikunjue nikute mita tatu za kitambaa na saba za bitana. Na huwezi kumshtaki mtu, kwa sababu hakuna uongo ulioandikwa pale. Walisema mafuta ya samaki 1000 mg, na ndiyo yaliyomo. Ni mimi niliyesoma moyo wa dhahabu nikaacha kusoma mgongo.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa hesabu. Madaktari wanapotumia omega-3 kutibu trigliseridi zilizopanda sana, huandika karibu gramu 4 za EPA na DHA kwa siku, au EPA peke yake, tena kwa dawa maalumu na kwa uangalizi. Kwa kiwango hicho trigliseridi hushuka asilimia 20 hadi 30, wakati mwingine zaidi. Kwa vidonge vyangu, gramu 4 ni vidonge kumi na tatu na kipande, na chupa nzima ingeisha siku ya tisa. Nilipomwambia binti yangu hesabu hiyo alinitazama kama anayeogopa kwamba nitajaribu. Sikujaribu, na wewe usijaribu: dozi kubwa huongeza uwezekano wa moyo kupiga ovyo ovyo bila mpangilio, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hana budi kumuuliza daktari kwanza.

Sasa huo moyo wa dhahabu. Ulitoka wapi? Habari ilianza kuvuma miaka ya 1970, watafiti wa Denmark, Bang na Dyerberg, walipochunguza damu ya Wainuiti wa Greenland, watu wanaokula sana wanyama wa baharini, wakaanza kuhusisha mafuta hayo na afya ya moyo. Mwaka 1999 Italia ikatoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 11,000 waliokuwa wametoka kupata mshtuko wa moyo: waliopewa gramu moja kwa siku walikufa wachache zaidi. Ukisimamia hapo, unanunua katoni. Lakini siku hizo statini, dawa za kushusha kolesteroli, hazikuwa zimeenea kama leo. Baadaye Marekani walifuatilia watu 25,871 katika utafiti uitwao VITAL, watu ambao moyo wao haukuwa na historia ya ugonjwa, kwa takriban miaka mitano. Jumla ya mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo haikupungua kiasi cha kutamkika. Uingereza wakatoa matokeo mwaka 2018 ya wagonjwa 15,480 wa kisukari, hali ikawa ile ile.

Kisha mambo yakachanganyika tena. Katika utafiti wa REDUCE-IT, wagonjwa 8,179 wenye trigliseridi za juu na wanaotumia statini tayari, walipewa EPA peke yake iliyosafishwa, gramu 4 kwa siku, na matukio ya moyo yakapungua kwa asilimia 25 ukilinganisha na kundi lingine. Utafiti wa STRENGTH, wagonjwa 13,078, dozi ile ile ya gramu 4 lakini EPA na DHA pamoja, ukasimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa haukuonyesha faida. Wataalamu wanabishana mpaka leo, hasa kuhusu mafuta ya madini waliyopewa kundi la kulinganisha kwenye ule wa kwanza: je, yalilidhuru kundi lile, EPA ikaonekana bora kuliko ilivyo? Mimi fundi cherehani siwezi kuamua ugomvi huo. Ninachojua ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyejaribu miligramu 300 zangu.

Tuje kwenye kidonge chenyewe. Siku ya kwanza nilikitoboa kimoja kwa sindano ya cherehani, nikaminya tone kwenye kijiko. Harufu ya samaki ilikuwepo kwa mbali, ya kuvumilika. Kilipobaki kimoja nikarudia. Safari hii tone lilinuka kama rangi ya mafuta iliyoachwa wazi, na ulimini ikaacha ukakasi. Limechacha. Mnyororo wa kemikali wa EPA una vifungo maradufu vitano, wa DHA sita, na kila kimoja ni mlango wa oksijeni. Ukiongeza joto na mwanga, kazi inaenda haraka. Hapa sitamwonea mtengenezaji. Chupa imeandikwa iwekwe mahali pa baridi, nami niliiweka rafu ya juu, kando ya pasi. Ila na wao wangeweka chupa ya rangi nzito badala ya hii inayopitisha mwanga kama dirisha.

Mbweu za samaki zilinisumbua wiki ya kwanza, saa mbili baada ya kumeza, hasa nikimeza tumbo likiwa tupu. Nilipohamia kumeza katikati ya mlo wenye mafuta kidogo zikapungua, na mafuta hayo yenyewe husaidia omega-3 kunyonywa.

Vipimo vya miezi minne: 2.4. Nimefurahi, lakini sifa siwapi wao. Ndani ya miezi hiyo niliacha sukari kwenye chai, niliacha soda, na nilitembea nusu saa kila jioni. Tena trigliseridi hupanda na kushuka zenyewe siku hadi siku.

Kwa anayetaka kununua: jumlisha EPA na DHA kabla hujatazama kitu kingine, na angalia kama hesabu ni ya kidonge kimoja au viwili, maana nao ni ujanja wa kawaida. Anayekula samaki wa mafuta kama sadini, makareli au salmoni mara mbili kwa wiki huenda hahitaji chupa yoyote. Asiyekula samaki atafute mafuta ya mwani, kwa kuwa samaki wenyewe omega-3 yao chanzo chake ni huko. Mbegu za kitani zina ALA, omega-3 ya mimea, ambayo mwili hugeuza sehemu ndogo tu kuwa EPA na ndogo zaidi kuwa DHA. Na mafuta ya ini la samaki ni kitu kingine: yana vitamini A, ambayo ikizidi ni hatari kwa mjamzito.

Nyota mbili kati ya tano. Moja ni kwa sababu walichoandika nyuma ni kweli. Ya pili ni ya kifuniko, kinabana vizuri sana. Chupa sasa naweka vifungo vya mashati.