Mdoli wa viungo vya gololi: angalia kiungo kwanza, sura baadaye

Swali la "ninunue mdoli gani wa viungo vya gololi" nimeulizwa mara nyingi hapa Mtwara, na juzi tena dada mmoja wa Lindi kaniuliza kwenye simu, kwa hiyo naandika lote mara moja. Watu wanataka mdoli wa kukusanya, wale wa kukunja mikono na miguu, na wengi wakishaniambia bajeti wanaongeza hapohapo "ila asiwe na hizo alama kwenye magoti na viwiko, nataka aonekane kama mtu kabisa". Hapo ndo nawaambia ngoja kwanza, kaa tuongee, maana hizo alama unazozikimbia ndo kitu kizuri kuliko vyote kwenye huyo mdoli.

Nieleze vizuri. Mdoli wangu wa kwanza wa resini, yaani plastiki ngumu inayomiminwa kwenye umbo, anakaa juu ya kabati, mbali na dirisha, na usiku nikiwasha taa huwa namchukua mkono wa kulia namkunja polepole tu. Kiwiko chake kina vipande vitatu, mkono wa juu unaishia na kikombe, mkono wa chini nao unaanza na kikombe, na katikati kuna kipande kidogo umbo lake kama karanga ambayo haijamenywa. Ukimkunja karanga inazunguka kwanza kwenye kikombe cha juu, unasikia "tk", halafu inazunguka kwenye cha chini, "tk" ya pili, na kiganja kinafika shavuni. Unamwachia na anabaki hivyohivyo, kashika shavu kama mtu anayemsubiri mgeni. Na pale kiwiko kilipofunguka unaona mwanya mwembamba na lastiki nyeupe imenyooka ndani. Mi sijawahi kuona kitu kinachonieleza kinavyofanya kazi kwa uwazi kama ule mwanya.

Nikampeleka kwa mzee mmoja anayechonga vinyago vya mpingo, nilitaka tu kujua atasema nini. Nikampa shikamoo, nikamkabidhi. Watu wote wakimshika wanaanza na macho na nywele, yeye hata sura hakuiangalia, kaligeuza goti, kalikunja, kalinyoosha, kapitisha kucha kwenye ule mstari wa kiungo, akasema "huyu fundi hajaficha mkono wake, mwanangu". Halafu akanionyesha kinyago chake cha ujamaa, watu wamepandana mpaka juu na wote wametoka kwenye gogo moja, akaniambia hapa nikikosea goti la huyu mmoja gogo lote limekwenda, huyo wako goti likiharibika unabadilisha goti. Nimekaa na maneno hayo mpaka leo, na ndo yananiongoza kila nikinunua.

Kwa wasiojua inavyoshikana: ndani mdoli yuko mtupu kama bomba. Lastiki moja inatoka kwenye kulabu ya shingoni, inashuka tumboni, inaingia miguu yote miwili mpaka kwenye nyayo. Nyingine inakatiza kifuani toka kiganja hiki mpaka kile. Ule mvuto wa lastiki ndo unaobana gololi, ile ncha ya mviringo ya kiungo, ndani ya kikombe, hakuna skrubu, hakuna gundi. Aliyewahi kumwona fundi gari akibadilisha bol joint ataelewa haraka, ila hapa badala ya chuma kinachobana kuna mpira unaovuta.

Na wazo lenyewe si la jana. Miaka ya 1930 kule Ujerumani msanii Hans Bellmer alitengeneza mwanasesere mwenye gololi kubwa tumboni, baada ya kuona wanasesere wa mbao wenye viungo wa karne ya 16 kwenye makumbusho ya Berlin. Mwaka 1965 mtengeneza midoli Yotsuya Simon wa Japani akaona picha za kazi ya Bellmer kwenye jarida na akabadilisha kabisa utengenezaji wake. Halafu 1999 kampuni ya Volks ya Kyoto ikatoa Super Dollfie ya resini, na hapo ndo hii midoli tunayoiagiza leo ilipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida. Njia yote hiyo kiungo kimebaki wazi.

Haya, tuje kwenye kununua. Napanga kwa jinsi kiungo kinavyofanya kazi na jinsi kinavyopendeza macho, halafu ndo bei.

Namba moja ni resini ya sentimita 40 mpaka 45, ile wanaita robo, yaani robo ya kimo cha mtu, yenye viungo viwiliviwili kwenye viwiko na magoti. Hapa sina wasiwasi kabisa. Ni mkubwa kiasi cha kuona kila mstari wa kiungo bila kukodoa macho, na ni mwepesi kiasi cha kumshika kwa mkono mmoja huku mwingine unashika simu ya kupiga picha. MiniFee wa kampuni ya Fairyland ya Korea ndo ninayempendekeza kama pesa ipo, anakaa, anapiga magoti, anashika uso. Kama pesa ni ya kubana angalia za China kama Resinsoul au Doll Zone, resini ni resini na viungo vyao vinaridhisha. Kwa ujumla bei za saizi hii zinaanzia kama dola 150 na zinapanda mpaka 400 na zaidi, bado hujaweka usafiri na ushuru, kwa hiyo usimalize pesa yote kwenye mdoli ukakwama mzigo ukifika. Mingi inamiminwa baada ya wewe kulipa, kusubiri miezi miwili mpaka sita ni jambo la kawaida, usipaniki ukaanza kuwatukana watu.

Kitu cha kuangalia hapa, na tafadhali usikiruke: muombe muuzaji picha ya mdoli AKIWA HANA NGUO, amekaa kwenye kiti bila kuegemea, halafu picha nyingine kiganja kimegusa uso. Nguo zinaficha kila kitu. Kiungo kimoja kwenye goti kinakunja kama nyuzi 90 hivi basi, akikaa chini miguu inatoka mbele kama ubao. Viungo viwili anakunja mpaka kisigino kinakaribia paja. Angalia pia mstari wa tumbo, kama kiwiliwili kimekatwa chini ya kifua anaweza kuinama na kujipinda kidogo, kama ni kipande kimoja atasimama wima siku zote kama askari wa gwaride.

Namba mbili naiweka midogo ya plastiki, na nasema hivi kwa heshima zote kwa sababu wengi wetu tunaanzia hapa. Barbie wa Made to Move ana viungo 22, ni dola 20 na kitu, na viungo vyake vinaonekana wazi, viwiko, vifundo vya mikono, magoti, kiuno. Kwa kujifunza kupanga mkao hakuna wa bei hiyo anayemfikia. Mwingine ni Obitsu wa sentimita 11 kutoka Japani, mwili mdogo kama kidole cha kati na kidogo zaidi, ana sumaku kwenye nyayo, mi namsimamisha juu ya mfuniko wa kopo la bati na haanguki hata feni ikipuliza. Hawa hawana lastiki za kubadilisha, kiungo kikilegea ndo kimelegea, lakini kwa bei ile unanunua mwingine.

Namba tatu, resini kubwa ya sentimita 60, theluthi. Ni mzuri mno, kiungo cha goti ni kikubwa mpaka unaweza kukisoma kama ramani, na mimi nina mmoja nampenda. Lakini anafika kilo mbili na zaidi, ukimsimamisha vibaya akidondoka sakafu ya simenti kidole kinakatika, na fundi cherehani atakutoza nguo yake karibu sawa na ya mtoto mchanga. Anza na robo, huyu atakuja mwenyewe.

Namba nne ni wa vinyl, plastiki laini, wenye mifupa ya ndani kama Dollfie Dream. Mwepesi, laini, anashika mkao vizuri sana, sitabisha. Ila viungo vimefichwa nusu, na vinyl inanyonya rangi. Kwetu tunashonesha nguo za midoli kwa vipande vya kitenge na kanga, na kitenge kipya chekundu kikichuja kwenye paja la vinyl hiyo rangi haitoki. Resini nayo inashika rangi lakini juujuu, mara nyingi unaweza kuisugua. Fua kitambaa mpaka maji yawe meupe, na bado mvalishe kitu cheupe ndani.

Ya mwisho ni ile miili isiyo na alama hata moja, ngozi laini juu na mifupa ya chuma ndani, kama TBLeague. Najua ndo hasa mnayoitaka mkisema "aonekane kama mtu". Ukimwacha amekunja kiwiko muda mrefu ngozi inakunjamana pale na mwisho inaweza kupasuka, na ikipasuka huna kiungo cha kubadilisha, umebaki na kidonda. Inanata vumbi pia, na vumbi letu la kiangazi mnalijua. Hapo ndo naelewa maneno ya yule mzee.

Kuhusu kopi: kuna watu wanachukua mdoli wa msanii, wanamimina nakala, wanauza nusu bei. Usinunue. Aliyechonga ule mwili amekaa miezi akipatanisha gololi na kikombe, na nakala haimpi hata senti. Mimi niliwahi kuuziwa moja bila kujua na muuzaji mmoja wa mtandaoni, goti lilikuwa halikai kwenye kikombe, kila nikimsimamisha mguu unaruka mbele wenyewe. Nililia siku ile, pesa ilikuwa ya korosho.

Sasa mambo ya pwani yetu. Jua linageuza resini njano, kwa hiyo dirishani hapana, hata kama picha zinatoka vizuri pale. Chumvi ya bahari inakula kulabu, mimi ya kwanza ilianza kutu ndani ya mwaka na ikaacha alama ya kahawia shingoni, kwa hiyo agiza za chuma cha pua tangu mwanzo, ni bei ndogo. Joto linachosha lastiki, nunua mita mbili za ziada, milimita 3 kwa robo, 4 au 5 kwa theluthi. Na kama kiungo kinateleza, nenda kwa fundi viatu muombe vipande vya ngozi laini vinavyobaki, kata duara dogo, toboa katikati lastiki ipite, bandika ndani ya kikombe upande wenye manyoya ukiangalia gololi. Ukihitaji kusugua resini kwa msasa lowesha maji na uvae barakoa, ule unga si wa kuvuta.

Mzigo ukifika usikimbilie kuvalisha wigi na macho. Shika goti kwa vidole viwili, livute taratibu mpaka gololi itoke kwenye kikombe, angalia ndani kama kumesuguliwa laini na lastiki haijakwaruzwa na ukingo, halafu liachie lirudi lenyewe. Likirudi na kukaa katikati bila kulisaidia, umepata mdoli.