OK Computer au Kid A?
Mashabiki wa Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza, hapa Nairobi hawachoki kubishana iwapo albamu yao OK Computer ya mwaka 1997 inaipiku Kid A ya mwaka 2000. Kwa upande wa gitaa, ya kwanza haina mpinzani: wimbo wake “Paranoid Android” hubadilika sura mara kadhaa ndani ya dakika sita na ushei, na hata msikilizaji mgeni huinasa upesi. Kid A ni ngumu kuizoea, kwa kuwa bendi iliweka gitaa kando kwa sehemu kubwa, ikashika sinteza (kinanda kinachounda sauti kwa umeme) na mashine za ngoma, kisha ikakataa kutoa singo, yaani wimbo unaotolewa peke yake, hata moja. Mimi mwenyewe niliizima mara mbili kabla ya kuielewa. Hata hivyo, sinteza inayoifungua bado hunisisimua kila ninapoisikia. Utayarishaji hauzitenganishi, maana mtayarishaji Nigel Godrich alishiriki zote mbili. Ndani ya matatu kwenye Barabara ya Ngong, Kid A humezwa na kelele ilhali OK Computer hupenya. Usiku, ukiwa umevaa vipokea sauti, mambo hugeuka. Anayependa kuimba pamoja na bendi aanze na ya 1997. Aliyezoea muziki wa elektroniki atajiona nyumbani katika ya 2000.