Kupiga mbizi Nyali kwa vifaa vya kukodi: kumbe nilibebeshwa uzito wa risasi wa bure

Mwaka jana nilipiga mbizi mara tatu na kituo kimoja cha huku pwani, jina nalihifadhi, na mara zote nilitoka majini hoi. Kichwa juu, miguu chini, nimesimama kama farasi wa baharini, mapezi ya miguuni yakitifua mchanga hadi aliye nyuma yangu haoni kitu. Nikaamua mimi si mtu wa chini ya maji, ijapokuwa nimezaliwa Kibokoni.

Machi hii, kaskazi ikiishia na bahari imelala, dadangu akanikokota hadi kituo kingine, Nyali. Mkufunzi hakukimbilia kunifunga mkanda. Aliniuliza uzito wangu, akaishika suti niliyopewa kuona unene wake (milimita tatu), kisha akauliza nilizoea kuvaa kilo ngapi za risasi, vile vipande vizito vya mkandani vya kukusaidia kuzama.

"Kumi."

"Kumi, dada? Hizo ni za watu wawili!"

Tukaingia maji ya kina kifupi. Toa hewa yote kwenye jaketi (lile la kujaza na kupunguza hewa ili uelee au uzame), vuta pumzi ya kawaida, izuie, tulia. Maji yakikufika machoni, sawa. Ukitoa pumzi uzame polepole. Mimi nilizama kama nanga. Akapunguza moja moja hadi nne zikatosha, halafu akarudisha mbili. Nikauliza za nini tena? Akanieleza kwamba hewa ya mtungi nayo ina uzito, na hadi shinikizo la mtungi lishuke kufikia baa hamsini, yaani hewa inakaribia kuisha, utakuwa umepungua kilo mbili hivi. Mitungi ya alumini, ambayo ndiyo hukodishwa zaidi, ikikaribia kuisha huanza kuelea. Bila hizo mbili, ule mtuo wa usalama wa dakika tatu kwenye kina cha mita tano, kabla ya kutoka majini, ungenishinda, ningepaa.

Hapo ndipo nilipoelewa mateso yangu ya mwaka jana. Risasi zikizidi unajaza jaketi hewa ili usizame, na hewa hiyo hutanuka ukipanda kidogo, ikasinyaa ukishuka, basi kutwa unabonyeza vitufe vya kuingiza na kutoa hewa. Tena hewa iko kifuani, risasi ziko kiunoni. Miguu isizame kwa nini?

Dawa yake? Kilo mbili alizihamisha kutoka kiunoni hadi kwenye ukanda wa juu wa mtungi, na mtungi wenyewe akaupandisha kidogo. Basi. Nililala majini kifudifudi kama niko kitandani, nikapanda na kushuka kwa pumzi tu, matumbawe yakipita chini yangu bila kuguswa hata na ncha ya pezi.

Kasoro zipo. Zipu ya suti ilikwama, mapezi yalinichubua kisigino, na boti iliyokuwa iondoke saa mbili asubuhi iliondoka saa tatu kasoro. Jaketi lilikuwa kubwa kwangu na hawakuwa na dogo. Walikaza mikanda mpaka mwisho, bado likanipanda mabegani.

Nyota nne. Kwenye simu nimeandika: suti milimita tatu, mtungi wa alumini, kilo sita, mbili juu. Kokote nitakakokodi, naanza na hayo.