Nimesoma MBA nikiwa Mtwara: nyota 3 kati ya 5

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza kila nikikaa kwenye kahawa pale Chikongola. MBA ni masta ya usimamizi wa biashara, na ada yake ya miaka 2 ilinila milioni 6 na ushee. Hiyo imeandikwa kwenye fomu. Ambayo haijaandikwa ni barabara.

Vipindi vilikuwa Dar, mwisho wa juma, mara 2 kwa mwezi. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 550. Ijumaa naondoka alfajiri, naingia Mbagala miguu imevimba, jioni niko darasani nasinzia. Jumatatu narudi kazini na begi mkononi. Nauli, chakula cha njiani na bodaboda za mjini, laki na nusu hairudi na chenji. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikakata barabara upande wa Kilwa, kule Somanga, na mtihani wa usimamizi wa fedha ukanipita. Chuo (sikitaji) kikaniandikia kwamba sikutokea. Nikaurudia mwaka uliofuata, na ada yake nikalipa tena. Hapo nyota moja imeondoka.

Nyingine imeondokea ofisini. Mimi ni mhasibu wa kampuni binafsi, na akilini mwangu masta ilikuwa ngazi ya kupandia cheo. Niliporudi na cheti bosi alinipa mkono, tukapiga picha, basi. Nafasi ya mhasibu mkuu ilipotangazwa walitaka CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu. Akaichukua mwenzangu wa meza ya jirani, ambaye miaka yote niliyokuwa naumia kwenye mabasi alikuwa nyumbani kwake Shangani usiku, anasomea mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu inayotoa hiyo CPA. Simlaumu mtu. Sikuuliza. Ningeomba tu kuona muundo wa vyeo kwenye karatasi, ningejua kabla sijalipa hata senti.

Sasa nyota 3 zilizobaki zimetoka wapi? Zimetoka Newala, kwa mjomba wangu.

Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno. Nilipokwama ada ya mwaka wa pili, aliyeniokoa ni yeye, kwa pesa ya korosho. Kwa hiyo tasnifu yangu nikaamua kuifanya kuhusu kangomba, jambo ambalo kila mtu huku analijua na hakuna anayelisema kwa sauti. Mkulima ana shida mwezi wa sita, korosho bado hazijavunwa, anakuja mtu na pesa mkononi anazinunua kwa bei ya kutupa. Mwaka 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wenye kangomba ndio waliokuwa wakitafutwa kwenye uhakiki. Lakini hesabu yake nilikuwa sijawahi kuipiga mpaka nilipofundishwa thamani ya pesa kwa muda, yaani shilingi ya leo si sawa na ya miezi ijayo. Tuseme umepewa 1,500 kwa kilo mwezi wa sita, na mnadani mwezi wa kumi na moja kilo hiyo inauzwa 3,000. Umekopa kwa riba ya asilimia 100 kwa miezi 5! Hakuna benki inayothubutu.

Nikaenda kumwonyesha mjomba, nimejaa majivuno ya msomi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Hesabu yako nzuri, mpwa wangu. Ila maiti haisubiri mnada.”

Ilibidi niandike upya sura nzima. Msimamizi wangu aliikalia miezi 4 bila kuisoma, ila hilo nimeshalisamehe. Na baada ya kumaliza, wapwa tuko 5, tumechanga milioni 1 na nusu. Mjomba akipata msiba au ada ya shule mwezi wa sita anachukua pale, anarudisha AMCOS, chama chao cha ushirika cha wakulima, ikishamlipa. Misimu 2 sasa hajauza hata kilo moja kwa kangomba.

Je, nawe usome? Kama ni mtumishi wa umma, mwajiri anakulipia na cheti kinahesabika kwenye muundo wako, nenda, usichelewe. Kama ni mhasibu kama mimi, anza na CPA. Kama una duka lako pale sokoni, milioni 6 ni mzigo wa dukani. Tafuta kozi fupi ya fedha, hicho kipande ndicho chenye nyama. Masomo ya uongozi kwangu yalikuwa maneno mengi na picha za pembetatu. Na ukiamua kusoma, usikurupukie Dar. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapahapa Mtwara, mimi nilikidharau kwa sababu ya sifa tu, nikaishia kulipa mabasi.

Nakala moja ya tasnifu iko kwa mjomba. Kiingereza hasomi. Ameifunga kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na stakabadhi zake za ghalani.