Hotel Transylvania au Monsters vs. Aliens?

Filamu hizi mbili za katuni zilianza na wazo nono, zikaishia njiani.

Kwa wahusika, Monsters vs. Aliens (2009) iko mbele: Susan anapigwa na kimondo siku ya harusi, anakuwa jitu la mita 15, kisha anamkataa bwana harusi mbinafsi. Ila mazimwi wenzake wamebaki wachekeshaji tu.

Hotel Transylvania (2012) inashinda kwa miondoko. Mwongozaji wake, Genndy Tartakovsky, anavuta miili kama katuni za kuchora kwa mkono. Lakini msiba wa Dracula, mnyonya damu mwenye hoteli, aliyeuliwa mke na binadamu, unaguswa haraka, vichekesho vinaufunika. Nafasi hiyo iliyopotezwa ndiyo inauma zaidi.

Mtoto anayetaka vicheko, mwekee Hotel Transylvania (zipo filamu 4). Aliyeanza kuhoji mambo, mwekee ya Susan.